Kadi ya Zawadi Usiyoihitaji: Hela ya Shangazi Isibaki Dukani

Shangazi anapoingia dukani mwezi wa Desemba na kulipia kadi ya zawadi ya dola 50, duka limeshauza. Limepokea hela yote siku hiyohiyo, na limetoa kipande cha plastiki chenye ahadi kwamba atakayekileta atapewa bidhaa za thamani hiyo. Kadi inatiwa kwenye bahasha na kumfikia mpwa, naye anaona jina la duka ambalo hajawahi kulikanyaga na hana sababu ya kulikanyaga. Anashukuru, anaitupia kwenye droo, na huko inakaa. Shangazi ametoa, mpwa hajapata, na aliyebaki na hela ni mwenye duka.

Jambo hili linatokea zaidi Marekani, ambako biashara ya kadi za zawadi imekua kuliko popote, na linawagusa moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko. Familia zilizotoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi zina watoto wanaohitimu shule, mabinti wanaoolewa, na wakwe wa Kimarekani wanaoonyesha upendo kwa desturi za kwao. Kadi zinaingia nyumbani kila mwisho wa mwaka, kila mahafali, kila mtoto anapozaliwa. Nyingine zinatumika wiki hiyohiyo. Nyingine ni za duka la vifaa vya kuvulia samaki zilizopewa mtu asiyevua, au za mgahawa wa nyama zilizopewa mtu asiyekula nyama.

Ninachotaka kukisema ni kimoja. Kadi usiyoihitaji ni deni ambalo duka linadaiwa na ukoo wako, na heshima kwa aliyekupa inakutaka ulidai deni hilo mapema, kwa njia yoyote halali itakayoleta thamani kubwa zaidi kwa mtu wa kwenu.

Kwa nini ndugu hutoa kadi

Kabla ya kuamua la kufanya, inafaa kumwelewa mtoaji. Maduka ya Marekani yaliuza hati za zawadi za karatasi kwa miongo mingi. Kadi za plastiki zilianza kuonekana katikati ya miaka ya 1990, Neiman Marcus na Blockbuster zikiwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kuziuza. Starbucks ilitoa yake mwaka 2001. Siku hizi mtu aliyekwenda kununua maziwa au dawa hupita mbele ya ubao uliojaa kadi za maduka na migahawa kadha wa kadha, na anaweza kumaliza zawadi za ukoo mzima akiwa kwenye foleni ya kulipia.

Mnunuzi huyo mara nyingi anampenda anayempelekea, ila hamjui vizuri. Ni bibi anayeishi jimbo jingine, au mjomba aliyemwona mpwa wake mara ya mwisho akiwa darasa la tano, au wifi ambaye bado anauzoea ukoo. Wajibu wake anaujua, lakini saizi ya kiatu haijui. Fedha taslimu zingemaliza tatizo, lakini kwa Wamarekani wengi noti ndani ya bahasha huonekana kama kutojali, isipokuwa inapotoka kwa mzee kwenda kwa kijana. Kadi ikaingia katikati: ina kiasi kamili kama noti, na ina jina la duka linaloonyesha kwamba mtoaji amefikiri kidogo.

Mwaka 1993 mwanauchumi Joel Waldfogel alichapisha katika jarida la American Economic Review utafiti ambao unajadiliwa hadi leo. Aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale wakadirie bei ya zawadi walizopata Krismasi, kisha waseme wao wenyewe wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kuvipata vitu hivyo, wakiweka kando mapenzi ya aliyetoa. Alikuta pengo la kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya bei. Zawadi za marafiki na wapenzi zilipoteza kidogo. Zile za mabibi, mababu, mashangazi na wajomba zilipoteza zaidi, na ndugu haohao ndio walioelekea zaidi kutoa fedha taslimu. Kwa maneno mengine, wazee wenyewe walikuwa wanajua kwamba hawawezi kukisia mahitaji ya vijana, wakaacha kukisia.

Kadi ilitakiwa iwape wazee hao njia ya kuheshimika zaidi kuliko noti. Imefanikiwa kwa kiasi. Kadi ya duka linalouza chakula, sabuni na nguo za watoto inakaribia kuwa hela kamili, kwa sababu kila nyumba ingenunua vitu hivyo hata bila kadi. Kadi ya duka la kitu kimoja inarudisha pengo lilelile la Waldfogel: bei ni dola 50, lakini kwa aliyeipokea inaweza kuwa na thamani ya 20, au sifuri.

Sheria inalinda nini

Kosa la kwanza ambalo wapokeaji hufanya ni kudhani kadi zote ni za aina moja. Ziko za aina tatu, na kila moja ina kanuni zake.

Ya kwanza ni kadi ya duka au kundi la maduka ya kampuni moja. Haina ada ya kuinunua, na haitumiki kwingine. Ya pili ni kadi iliyotolewa na benki yenye nembo ya Visa au Mastercard. Hii inapokelewa karibu kila mahali, lakini mtoaji hulipa dola kadhaa juu ya thamani yake anapoinunua. Ya tatu ni kadi ya promosheni, ile ambayo duka humpa mteja bure baada ya kununua bidhaa za kiasi fulani. Ndugu anaweza kukupa hii ya tatu bila kujua tofauti yake, nayo ndiyo hatari zaidi kwa sababu inaweza kufa baada ya wiki chache.

Kwa aina mbili za kwanza, Marekani ina sheria ya shirikisho ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika kwa kadi za zawadi Agosti 2010. Inasema fedha zilizo ndani ya kadi hazitakufa kabla ya miaka 5 kupita tangu kadi ilipowashwa au ilipotiwa fedha mara ya mwisho. Ada ya kutotumia kadi haiwezi kutozwa hadi mwaka mzima upite bila kadi kuguswa, na hata hapo ni ada moja tu kwa mwezi, nayo lazima iwe imeandikwa wazi. Kadi za promosheni haziko chini ya ulinzi huo wa miaka 5.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui na linawagharimu. Kadi yenye nembo ya benki huandikwa tarehe ya mwisho, na watu huitupa tarehe hiyo inapopita. Lakini mara nyingi tarehe ile ni ya plastiki, na fedha bado zipo. Mwenye kadi hupiga simu kwenye namba iliyo nyuma na kuomba kadi mpya bila malipo.

Majimbo nayo yana sheria zao. California hairuhusu kadi nyingi za maduka kuwa na tarehe ya mwisho kabisa, na mteja anaweza kuomba alipwe taslimu salio linapokuwa dogo, kiwango ambacho kwa miaka mingi kilikuwa chini ya dola 10. Majimbo kadhaa yana utaratibu kama huo kwa viwango vyao. Keshia mara nyingi hajui, kwa hiyo ni vizuri kuomba kwa upole kuongea na msimamizi wake.

Nje ya Marekani ramani inabadilika. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilipiga marufuku tarehe za mwisho kwenye kadi za zawadi za maduka mwaka 2007. Ireland na Australia ziliweka sheria zao mwaka 2019, ya kwanza ikidai angalau miaka 5 na ya pili angalau miaka 3. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008, inatoa miaka 3. Uingereza haina kiwango kimoja cha kisheria, hivyo kila duka hujiwekea muda wake. Mtu wa London akipewa kadi asome nyuma yake siku hiyohiyo.

Hatari ya kungoja

Sheria ya miaka 5 inawafanya watu walale. Inakuzuia kuibiwa na kalenda, lakini haiwezi kukulinda duka likifilisika. Hapo mwenye kadi anageuka mdai mdogo katika foleni ndefu yenye mabenki, wenye majengo na wasambazaji wa bidhaa mbele yake.

Mifano ni ya wazi. Sharper Image, kampuni ya Marekani iliyouza vifaa vya nyumbani, ilifilisika Februari 2008 na ikaacha kupokea kadi zake. Baadaye ilikubali kuzipokea kwa sharti kwamba mteja anunue bidhaa za thamani maradufu ya kadi. Nchini Uingereza, HMV iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Januari 2013 na kuzikataa kadi zilizotoka kununuliwa kwa ajili ya Krismasi. Ilibadilisha msimamo siku chache baadaye, baada ya umma kukasirika. Bed Bath & Beyond ya Marekani, iliyouza vifaa vya nyumbani, ilitangaza kufilisika tarehe 23 Aprili 2023, na mwisho wa kupokea kadi zake ukawa tarehe 8 Mei. Wenye kadi walipewa takriban wiki mbili. Bibi harusi aliyekuwa ametunza kadi zake hadi ahamie nyumba mpya mwezi wa Juni alizikuta zimekuwa plastiki tupu.

Afrika Mashariki haijaepuka somo hili. Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na ilionekana kuwa duka lisiloweza kuanguka. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe. Kabla yake supamaketi ya Uchumi ilikuwa imefunga matawi yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Kenya ni nchi ambayo waajiri wengi huwapa wafanyakazi vocha za supamaketi mwisho wa mwaka, na kila vocha ya namna hiyo inategemea jambo moja tu: duka liwe bado limesimama siku unapokwenda.

Hata duka lisipofilisika, kungoja kunalinufaisha lenyewe. Wahasibu wa makampuni haya wanajua kutokana na uzoefu kwamba sehemu fulani ya kadi haitarudi kamwe, na sheria za uhasibu zinawaruhusu kuhesabu sehemu hiyo kuwa mapato. Kwa Starbucks peke yake, fedha za aina hiyo zimefikia takriban dola milioni 200 kwa mwaka. Jumla hiyo imetokana na vijisenti vilivyosahaulika kwenye mikoba, dola 3 hapa na dola 7 pale, ambavyo watu walikwishavilipa na hawakupewa chochote. Waliotuachia methali kwamba mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanazungumzia hasara kama hii.

Njia zilizopo na hesabu ya kila moja

Swali la kujiuliza ni lile la Waldfogel, kwa maneno mepesi: kama nisingepewa kadi hii, ningetoa hela yangu kiasi gani kwa vitu vya duka hili? Jibu ndilo linaloonyesha njia.

Njia ya kwanza, na mara nyingi bora, ni kutafuta ndani ya duka kile ambacho ungekinunua kwingine. Watu hulikataa duka kwa sababu ya jina lake bila kuangalia rafu zake. Duka la vifaa vya ujenzi linauza balbu, betri na vifaa vya usafi. Duka la dawa linauza nepi. Duka la michezo linauza soksi na chupa za maji za watoto wa shule. Ukinunua kwa kadi kile ambacho kingetoka kwenye mshahara wako, hela ile inabaki mfukoni, na kadi imegeuka fedha taslimu bila kukatwa hata senti. Tahadhari ni moja: duka linapenda uje na kadi ya dola 50 utoke umenunua vitu vya 90. Ukiongeza hela yako kwa kitu ambacho hukukikusudia, kadi imekugharimu badala ya kukufaa.

Kwa walioko ughaibuni kuna tawi la njia hii linalostahili kusisitizwa. Anayesafiri kwenda nyumbani hubeba zawadi, na gharama ya kujaza masanduku mawili inajulikana na kila aliyewahi kuyafunga. Kadi ya duka la viatu ambayo haina maana kwako inaweza kuwavisha watoto wanne wa dada yako kule Tanga. Kadi ya duka la vifaa vya ofisi ni mabegi na kalamu za mwaka mzima wa shule. Hela hiyo ungeitoa tu, kwa hiyo kadi imelipa deni la upendo ambalo tayari lilikuwa linakungoja. Tena shangazi aliyeitoa akisikia imefika hadi kwa watoto wa nyumbani, atafurahi kuliko kama ungenunua shati lako.

Njia ya pili ni kubadilishana ndani ya ukoo au jumuiya. Binamu aliyenunua nyumba anahitaji rangi na misumari, nawe mpangaji una kadi ya duka la ujenzi. Yeye naye ana kadi ya duka la vitabu, na wewe una mtoto chuoni. Mkibadilishana dola kwa dola hakuna anayepoteza. Vikundi vya kanisa, msikiti na vyama vya wanajumuiya, ambavyo tayari vinakusanya michango ya misiba na harusi, ndipo pa kufanyia jambo hili, kwa sababu watu wanaaminiana na salio linaweza kuthibitishwa palepale kwa simu.

Njia ya tatu ni kuuza. Ziko kampuni, kama CardCash ya New Jersey, zinazonunua kadi kwa bei iliyo chini ya thamani yake na kuziuza tena kwa punguzo. Bei hutegemea umaarufu wa duka: kadi ya duka ambalo kila mtu hununua hupata bei nzuri, ya duka dogo hupata bei mbaya au hukataliwa. Tuseme umepewa ofa ya dola 75 kwa kadi ya 100. Kama jibu lako kwa swali letu ni 90, usiuze. Kama jibu ni 40, kuuza kumekuongezea 35, na kuing'ang'ania kwa kuogopa hasara ya 25 ni kuchagua hasara kubwa zaidi. Usimuuzie mtu usiyemjua kwa kumtumia namba kwenye simu kabla hajalipa. Namba zikishatoka, kadi imetoka.

Njia ya nne ni kuitoa tena. Mtu anayekipenda kitu ambacho wewe hukipendi atapata thamani yote. Mpe kamili, siyo ile yenye salio la dola 11 na senti 40, isipokuwa umemwambia waziwazi. Mashirika ya misaada na nyumba za kuwahifadhi familia zenye shida hupokea kadi, hasa za vyakula, nguo na mafuta ya gari, na kwa familia iliyofika juzi kama wakimbizi kadi ya duka la nguo za baridi mwezi wa Januari ni msaada mkubwa kwelikweli. Piga simu kwanza uulize wanapokea za maduka gani.

Njia ya tano inahusu mabaki. Salio dogo lisibaki. Mwambie keshia akate kwanza kilichomo kwenye kadi, kisha ulipe kinachobaki kwa fedha zako. Mahali ambapo sheria ya jimbo inaruhusu, omba ulipwe taslimu. Kununua kadi nyingine kwa kadi hii ni wazo zuri kwenye karatasi, lakini maduka mengi hayakubali.

Je, ni utovu wa adabu?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na wana sababu ya kukwama. Kutoa ni moyo, si utajiri, na anayeiuza zawadi anaogopa kuonekana ameuza moyo wa mtu. Nimewasikia watu wazima wakisema wangependelea kadi iozee kwenye droo kuliko mama mkwe agundue ilipewa mwingine.

Nadhani woga huo unaheshimu kitu kisicho sahihi. Upendo wa mama mkwe ulikuwa katika kukukumbuka, kutenga hela yake, na kutaka upate kitu kizuri. Jina la duka lilikuwa makisio tu. Anayeacha kadi ioze anayalinda makisio na kuipoteza ile hela ambayo mama yule aliifanyia kazi. Pengine alikuwa na malipo ya uzeeni tu, na dola 50 zile zilimbana. Kuzirudisha kwa mwenye duka bila kupata chochote ndiyo dharau yenyewe, hata kama hakuna anayeiona.

Ipo tofauti inayopaswa kuheshimiwa, hata hivyo. Ikiwa ndugu amechagua duka kwa sababu maalumu, kwa mfano babu aliyekupa kadi ya duka la vitabu kwa sababu mlikuwa mkisoma pamoja ulipokuwa mdogo, kadi ile imebeba ujumbe. Itumie humo, hata kama ni kitabu kimoja, kisha mwambie ni kipi. Lakini kadi iliyochukuliwa kwenye ubao wa supamaketi pamoja na nyingine kumi haina ujumbe huo, na mtoaji mwenyewe anajua.

Shukrani nazo zina namna. Huna haja ya kudanganya kwamba umekula mgahawa ambao hukuingia. Eleza kilichopatikana: "Shikamoo shangazi. Ahsante sana kwa zawadi yako, imetusaidia viatu vya watoto vya shule." Ni kweli hata kama kadi ilibadilishwa na binamu, kwa sababu bila kadi ile viatu visingepatikana. Shangazi anayesikia kitu halisi anajua hela yake imefanya kazi. Anayeambiwa tu "ahsante kwa kadi" hajui kama ilifika au ilipotea.

Mahali ambapo kadi haifai kabisa

Kuna makosa mawili ambayo huwapata zaidi watu wenye ndugu pande mbili za bahari.

La kwanza ni kutuma kadi nje ya nchi yake. Kadi ya Amazon iliyonunuliwa Marekani hutumika kwenye duka la Amazon la Marekani, si la Uingereza. Kadi ya Apple ya Marekani haiingii kwenye akaunti iliyofunguliwa Tanzania. Kijana wa Mwanza anayetumiwa kadi ya namna hiyo na kaka yake wa Houston amepewa ufunguo wa mlango ulio Marekani. Kwa nyumbani njia ya fedha za simu ipo tangu M-PESA ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Wakenya wa ughaibuni walituma takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024 kupitia njia mbalimbali. Hela inafika kwa dakika chache, na mpokeaji anaamua mwenyewe.

La pili ni matapeli. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipokea mwaka 2023 taarifa za hasara ya dola milioni 217 zilizolipwa kwa matapeli kupitia kadi za zawadi. Mchezo wao ni uleule: mtu anapiga simu akijidai wa ofisi ya kodi, wa uhamiaji au wa benki, anakutisha, kisha anakuamuru ununue kadi na kumsomea namba. Mgeni ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa hutishika haraka. Kila nyumba ijue kanuni moja isiyo na ubaguzi: hakuna ofisi ya serikali wala kampuni ya kweli inayopiga simu kudai ilipwe kwa kadi ya zawadi. Wako pia wezi wanaozichukua kadi kwenye ubao wa duka, kunakili namba, kuzifunga tena vizuri, na kuvizia hadi mtu azilipie. Kwa sababu hiyo salio likaguliwe siku kadi inapofika, na mtoaji ashauriwe kutunza risiti. Bila risiti ni vigumu duka kusikiliza malalamiko.

Kuzuia kabla ya kutibu

Kushughulikia kadi moja baada ya nyingine ni kazi isiyokwisha. Dawa ya kudumu iko kwenye mazungumzo ya familia, na hapa jamii za Waswahili zina mtaji wao wenyewe. Kwetu fedha haijawahi kuwa zawadi ya aibu. Mtoto hupokea mkono wa Idi kwa furaha na kukimbia nao dukani. Bwana harusi na bibi harusi hutuzwa mbele ya watu. Kwenye mahari hutengwa kilemba cha baba na mkaja wa mama, na familia zote zinajua ni fedha, wala heshima haipungui. Harusi yenyewe husimamishwa na kamati na michango, na daftari linaonyesha nani ametoa nini. Jamii yenye desturi hizo haina sababu ya kujifunza haya ya noti kutoka kwa wengine.

Kwa hiyo wazazi wanaolea watoto ughaibuni wanaweza kuwaambia ndugu zao waziwazi, na mapema, mwezi wa Oktoba badala ya Desemba: mwaka huu mtoto anachangiwa ada ya chuo, au tiketi ya kwenda kumsalimia bibi, na anayependa kutoa atoe huko. Kwa wakwe wa Kimarekani, ambao huenda wakaona ombi la fedha kuwa gumu, orodha ya maduka mawili au matatu ambayo familia hununua kila wiki inatosha. Kumweleza mtu kinachokufaa ni kumwondolea mzigo, kwa sababu alinunua kadi akiwa hajui. Na wewe unapokuwa mtoaji, anza na swali hilohilo kwa mpwa wako kabla ya kusimama mbele ya ubao wa kadi.

Kwa kadi ambazo tayari ziko ndani ya nyumba, kazi ni ya jioni moja. Zitoe zote, kagua salio la kila moja, piga picha mbele na nyuma, kisha uziandike. Zile za maduka unayoyatumia ziingie kwenye pochi leo. Zilizobaki zitangaze kwa ndugu kwanza, halafu kwa jumuiya, na zisizopata mtu ndani ya mwezi mmoja ziuzwe au zipelekwe kwa wenye shida. Kisha mpigie kila aliyekupa, umsalimu, na umwambie hela yake imefanya nini.